Kabla Hujalipa Kodi, Uliza Watoto Wanacheza Wapi

Mwaka juzi nilifanya kosa ambalo dada yangu hajanidai mpaka leo, ingawa ana haki ya kunidai. Yeye na shemeji walikuwa wamepanga vyumba viwili Manzese. Mtoto wao wa kiume alikuwa ametimiza miaka mitano, hela imeanza kutulia kidogo, wakaamua kuhamia nje ya mji. Wakanichukua tukaangalie nyumba Goba, kwa sababu, kama alivyosema shemeji, "wewe si ndiye unayesomea mambo ya watoto?" Nilikuwa mwaka wa kwanza, nimesoma saikolojia ya elimu muhula mmoja, na mtu wa muhula mmoja huwa anajua kila kitu.

Dalali alitupeleka Jumanne, saa tano asubuhi. Nyumba nzima ya vyumba vitatu, ukuta umeizunguka, geti jeusi la chuma, nyasi, mwembe mmoja. Mtaa kimya kabisa. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Hapa mtoto atacheza, pametulia." Wakalipa kodi ya miezi sita, wakampa dalali hela yake ya mwezi mmoja, wakahama.

Baada ya miezi miwili nikaenda kulala wikiendi. Nilimkuta mpwa wangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya geti, jicho moja kwenye upenyo, anachungulia barabara. Ana baiskeli. Ana mpira wa dukani. Alichoniuliza ni hiki: "Mama mdogo, kesho tunaenda Manzese?" Kule Manzese alikuwa na mpira wa soksi na watoto tisa.

Makala haya yametokana na ndoo ile. Najua wengi wetu hapa chuoni tunagombania kitanda cha hosteli, habari za kuchagua mtaa wa kulea watoto zinaonekana za mbali. Lakini wapo kati yetu ambao tayari ni wazazi, wapo walimu waliorudi kusoma na kuacha familia nyumbani, na hata sisi wengine ndugu zetu hutuuliza. Halafu sisi wa ualimu ndio tutakaompokea huyo mtoto wa kwenye ndoo darasani.

Anachofundishwa na mwenzake

Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani Mildred Parten alichapisha utafiti alioufanya kwa kuangalia watoto wadogo wa shule ya awali wakicheza wenyewe. Aliona wapo wanaozubaa tu, wapo wanaocheza peke yao, wapo wanaotazama wenzao, wapo wanaocheza sambamba (wako karibu, kila mmoja na lake), na wapo wanaocheza pamoja mpaka kufikia kugawana kazi: wewe golikipa, wewe mama, wewe muuza duka. Hii ya mwisho ilionekana zaidi kwa watoto wakubwa zaidi. Tunaikariri kwa ajili ya mtihani, tunasahau jambo moja lililo wazi: hiyo hatua ya mwisho hainunuliwi dukani. Inahitaji mtoto mwingine.

Mwaka huohuo Jean Piaget alitoa kitabu chake kuhusu maadili ya mtoto, na sehemu kubwa ya mwanzo inahusu gololi. Ndiyo, gololi hizihizi. Aliwauliza watoto wa Uswisi sheria za mchezo zinatoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Wadogo waliona sheria ni kitu kitakatifu kilichotoka kwa wakubwa. Waliokua kidogo walishagundua kwamba sheria ni makubaliano ya wachezaji, mkikubaliana mnaweza kuibadilisha. Kwa Piaget, mtoto hufika hapo kwa kushughulika na walio sawa naye, kwa sababu na mtu mzima hakuna majadiliano ya kweli. Mtu mzima ana fimbo, au ana ufunguo wa geti.

Kama umewahi kucheza kombolela unajua anachosema. Mmoja anahesabu, wengine wanajificha, na wa mwisho asiyeonekana anaweza kukimbia akawakomboa wote waliokamatwa. Nusu ya mchezo ni ugomvi. "Umechungulia!" "Sijachungulia!" "Basi tunaanza upya." Hakuna refa. Mtoto anayekataa kila uamuzi anaachwa, anakaa pembeni dakika kumi, anarudi amenyooka. Niliwahi kujaribu kumchezesha mpwa wangu kombolela mimi na dada tu. Haiwezekani. Nilikuwa namwachia ashinde.

Tena hili si suala la anasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 una ibara ya 31 inayohusu kupumzika na kucheza, na Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza pamoja na chakula, malazi na elimu katika yale ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Ila dalali hatakuambia hilo. Atakuambia kuna kisima.

Hesabu milango

Sasa turudi mtaani. Watu wengi wakitafuta mtaa wenye watoto wanauliza, "Hapa kuna watoto?" Jibu siku zote ni ndiyo. Nchi hii, mtaa gani hauna watoto? Swali linalofaa ni kama mtoto wako anaweza kuwafikia kwa miguu yake, kwenye saa ambazo nao wapo nje.

Katika kitabu chao cha 1950, Leon Festinger na wenzake walieleza namna urafiki ulivyoanza katika nyumba za wanafunzi wenye familia za chuo cha MIT. Watu walitajiwa marafiki na majirani zao kwa kufuata mlango. Wa mlango unaofuata walitajwa kwa asilimia 41, waliopishana milango miwili asilimia 22, waliokaa ncha mbili za korido ileile asilimia 10. Hiyo ni korido moja tu, na ni watu wazima wenye miguu mirefu! Na walichosisitiza si mita tu bali njia: mlango wako unaelekea wapi, unapita mbele ya nani ukitoka.

Ndiyo maana nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Temeke, hata kama choo kinatia uvivu, inazalisha marafiki bila mtu kupanga. Korido katikati, vyumba huku na huku, kila chumba au viwili ni familia, uani mmoja nyuma, baraza mbele. Mtoto akitoka kuoga tu ameshakutana na watatu. Goba nyumba ya jirani ilikuwa mita kama ishirini kutoka kwenye dirisha la mpwa wangu; nilizipima kwa macho. Lakini kati yao palikuwa na kuta mbili zenye vipande vya chupa juu, na geti la jirani lilifungukia barabara ya upande wa pili. Kwa miguu ilikuwa ni kuzunguka mtaa mzima. Kwenye ramani ni jirani. Kwa mtoto wa miaka mitano, yule ni mtu wa wilaya nyingine.

Kipimo ninachokitumia siku hizi ni sauti. Simama mlangoni pa nyumba unayoitaka, fikiria mama anaita jina la mtoto bila kujitesa koo. Mpaka sauti inapofika, kuna milango mingapi ambayo mtoto anaweza kuigonga? Humo ndani kuna watoto wangapi wanaolingana naye, pungufu au zaidi miaka miwili hivi? Wakiwa watatu, unaweza kuanza kuongea kodi. Akiwa mmoja, mwombee asihame.

Saa kumi na moja jioni

Kosa langu kubwa la Goba lilikuwa muda. Saa tano asubuhi ya Jumanne mtaa wowote umetulia, hata Tandale kwenye vichochoro vingine. Dalali anajua. Nenda mwenyewe bila dalali, siku ya kazi, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, halafu rudi Jumamosi asubuhi. Usiende kuangalia nyumba, nenda kuangalia ardhi. Kuna mistari ya kuruka iliyochorwa mavumbini? Kuna mawe mawili yaliyowekwa kama goli? Ndala za saizi tofauti zimerundikana mlangoni kwa mtu? Hivyo havidanganyi.

Kisha ingia kwa Mangi wa kona, nunua hata maji, umuulize anauza barafu za ubuyu ngapi kwa siku na wanunuzi ni nani. Mwenye duka anawajua watoto wa mtaa kuliko mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akikwambia, "Watoto wa hapa hawatumwi dukani, wanakuja madada wa kazi," umeshapata jibu lako. Uliza pia madrasa iko wapi na masomo ya dini ya Jumapili yako wapi, maana watoto wanaoenda huko kwa miguu huenda kwa makundi, na kundi la njiani ndilo kundi la mchezo.

Na uliza mabasi ya shule. Hili jiji limekua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728, na wengi tunaowajua wanajenga pembezoni huku shule walizozichagua ziko kwingine. Mtoto anapitiwa na basi saa kumi na moja alfajiri, anarudishwa jua limezama, anakula, analala na homuweki mkononi. Mtaa wa hivyo unaweza kuwa na watoto hamsini na jioni usione hata mmoja. Kwa hiyo uliza wanasoma wapi na wanarudi saa ngapi. Watoto wanne wanaosoma shule ya jirani wana faida kuliko ishirini wa kwenye basi.

Lami

Hapa nitawaudhi wapenda lami. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi isipokuwa magari: mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Wakazi wa mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mtaani mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Kwenye barabara tulivu watu walikaa nje na watoto walicheza. Kwenye ile nyingine kila mtu alijikunja ndani.

Kwetu gari si tatizo peke yake, bodaboda ndiyo yenyewe. Barabara ya vumbi yenye mashimo inamlazimisha kupunguza mwendo. Mkiiwekea lami bila matuta, inakuwa njia ya mkato ya kila anayekwepa foleni. Simaanishi mkae kwenye matope. Ila ukiwa na nyumba mbili za bei moja, ya kwanza iko kwenye lami inayotokea barabara kubwa, ya pili iko kwenye njia isiyotokea popote, mwenye mtoto mdogo achukue ya pili. Njia isiyotokea popote, anayeingia ni mwenyeji au mgeni wa mwenyeji.

Angalia pia uwanja ni wa nani. Kwenye maeneo yaliyopimwa, kama yale ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, ramani huwa na maeneo ya wazi, na unaweza kwenda kuiona kabla hujaamini maneno ya mtu. Kwenye maeneo ambayo watu walikatiana mashamba vipande, "uwanja" huwa ni kiwanja cha mtu ambaye hajapata hela ya kujenga. Na angalia mashimo. Mapagale ndiyo mahali watoto wanapopenda kuliko pote, na pagale lina shimo la choo ambalo halijafunikwa. Pita mwenyewe uhesabu. Mitaro mikubwa na mabonde yapite masika, si kiangazi.

Woga wa dada

Kuna msomaji ameshaanza kukasirika: wewe binti usiye na mtoto, unajua yanayowapata watoto siku hizi? Najua kiasi, na dada ananijulisha yaliyobaki. Geti kali halikuanzishwa na watu wenye majivuno tu. Lilianzishwa na watu waliosikia habari mbaya redioni na wakalala vibaya. Dada aliniambia, "Mdogo wangu, Manzese nilikuwa simfungii kwa sababu mama mwenye chumba cha mbele alikuwa anakaanga chapati pale nje. Hapa akitoka, nani anamwona?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Jane Jacobs aliandika mwaka 1961, kuhusu miji ya Marekani, kwamba usalama wa mtaa unaletwa na macho ya watu walio na shughuli zao pale pale. Sisi tunawaita fundi cherehani, mama wa vitumbua, wazee wa bao, kijana wa kuuza vocha. Mtaa wa kuta pande zote mbili hauna macho, una kamera, na kamera haimwambii mtoto "wewe, rudi kwenu, mama yako anakutafuta." Kwa hiyo unapohesabu milango, hesabu na macho: kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, kuna watu wazima wangapi wanakaa nje na wamekaa pale zaidi ya mwaka? Ukishahamia, nenda kajitambulishe kwa mjumbe, halafu kwa hao. Mpeleke na mtoto, wamjue jina.

Nimebakiza jambo ambalo linanikera kulisema. Upande wa pili wa barabara, mbele ya geti lile jeusi, palikuwa na nyumba ambayo haijaezekwa. Ndani yake alikaa mlinzi na mke wake na watoto wawili, mmoja wa miaka sita. Hao ndio mpwa wangu alikuwa akiwachungulia. Nilipokuwa nalalamika kwamba Goba hakuna watoto, walikuwepo hatua thelathini kutoka kwenye ndoo. Hatukuwahesabu. Tuliona "watu wa pagale." Nilipomwambia dada tumwite yule mtoto, shemeji akasema hatujui tabia zao, na mimi, mtaalamu, nikanyamaza. Walipofunguliwa geti hatimaye, mwezi wa tano wa kodi, walicheza na tairi bovu la baiskeli siku nzima, na jioni mpwa wangu alilala kabla ya taarifa ya habari. Wiki tatu baadaye mwenye nyumba akaezeka, familia ile ikahamishiwa kulinda kwingine. Sijui ni wapi.

Kodi ilipoisha tukatafuta tena, safari hii mimi, dada na mtoto, kwa daladala, saa kumi jioni. Tulikwenda mitaa minne. Tuliopata uko Kimara ndani, njia isiyotokea, nyumba mbili zinatumia uwanja mmoja, ukuta uko kiunoni. Nyumba yenyewe ni ndogo, maji yanatoka siku mbili kwa wiki, na shemeji anapanda bodaboda mpaka kituoni akinung'unika. Watoto wa umri wake wako watano kwenye sauti ya dada. Siku ya kwanza walisimama mbali wakimwangalia anavyoshusha vitu. Siku ya pili mmoja akamuuliza kama ile baiskeli ina breki.

Amepata pia matusi mawili mapya na kovu la goti. Dada amenishtakia yote matatu. Kila jioni wanakwenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, yeye anashona huku akiwatazama. Nilimuuliza fundi kile kiwanja ni cha nani, akasema cha mtu wa Arusha, hajaonekana miaka minne. Wiki iliyopita dada kanipigia: mtu wa Arusha ameshusha matofali. Kwa sasa watoto wanayatumia kama magoli. Kodi imebaki miezi minne, na Jumamosi nitakwenda kuuliza kama kuna mwenye kiwanja kingine upande ule ambaye hana haraka.